Bustani ya Mlimani na Bustani ya Msituni

Katika Ulaya mimea hulala usingizi. Miezi ya baridi ikifika, maji huganda, theluji hufunika mashamba, na vichaka hukaa vitupu bila jani hata moja. Baridi ikiisha huamka, na maua hutoka ardhini kana kwamba yameitwa. Usingizi huo ni kinga, kwa maana chipukizi lililofungwa vizuri haliuawi na barafu. Lakini mmea uliozoea kulala hauwezi kuamka vema kama haukulala. Tulipu hutaka kitunguu chake kikae katika baridi kwa wiki 12 au zaidi. Vichaka vya groseli, vyenye vishada vya matunda mekundu, hutaka mamia ya saa za baridi.

Masisi na Walikale ziko karibu sana na Ikweta, na hapo hakuna theluji. Mtu akipata vitunguu vya tulipu kutoka ng'ambo, labda vitatoa maua mara moja, kwa nguvu vilizokuja nazo. Mwaka wa pili ni majani tu, kisha huoza. Fedha imepotea, na kosa si la mkono wa mkulima wala la udongo.

Hata hivyo baridi kidogo ipo, na inaletwa na kimo cha nchi. Kila meta 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Milima ya Masisi mahali pengi hupita meta 2,000, lakini msitu wa Walikale sehemu kubwa uko chini ya meta 1,000. Pareto yaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Ua hili jeupe, ambalo wengine huliita piretri, hutumika kutengenezea dawa ya kuua wadudu. Juu mlimani, penye usiku wa baridi, huchanua sana. Likipandwa bondeni penye joto hutoa majani mengi na maua haba.

Basi mtu wa Masisi aanze na tunda alilo nalo karibu. Pembezoni mwa njia huota kichaka chenye miiba na matunda madogo, ambayo wasemao Kinyarwanda huyaita inkeri. Ncha ya tawi lake ikiinamishwa na kufukiwa ardhini hutoa mizizi, ndipo hukatwa na kuhamishwa. Kwenye mteremko vichaka hivyo vipandwe kwa mstari unaokingama mlima, visaidie kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Tawi lililokwisha kuzaa likatwe, maana limemaliza kazi yake. Fraizi nayo hustawi huko juu, ikitandikiwa majani makavu ili tunda lisiguse tope. Lakini fraizi ni kama mtoto mchanga: ikiachwa miezi michache bila kupaliliwa, magugu huimeza.

Neno hilo si dogo katika Masisi. Tangu mwaka 1993 watu wengi wa huko wamekimbia makwao kwa ajili ya vita, wengine mara nyingi. Arudiye hukuta fraizi zimekwisha. Kichaka cha inkeri humngojea, tena kimezidi kutanuka. Kuna na mmea mwingine wa kumfaa, wenye tunda dogo la njano lililofungwa ndani ya mfuko mkavu kama karatasi. Mbegu zake zikioshwa na kuanikwa kivulini huingia katika fundo la kitambaa, na mama aweza kuzichukua safarini pamoja na mtoto mgongoni. Zikipandwa, huzaa katika miezi 4 hadi 6. Watoto wasile tunda lake likiwa bado bichi, kwa sababu lina sumu. Wangoje mfuko ukauke na tunda lianguke lenyewe.

Kwa maua, mvua ndiyo saa. Zinia huchanua baada ya miezi miwili hivi. Atakaye kupamba sanamu ya Bikira Maria mwezi wa Mei azipande mwanzoni mwa Machi.

Huko Walikale mambo ni mengine. Mvua nyingi za msituni huosha udongo na kuuondolea nguvu, kwa hiyo majivu ya jikoni na maganda ya ndizi yasitupwe mbali, bali yarudishwe shinani. Fraizi ingekuwa kazi bure. Mpera hukubali joto, na marakuja pia, ila ichaguliwe ile ya njano, kwa kuwa ile ya zambarau hupenda milima. Hibiskusi hukatwa kijiti na kuchomekwa tu. Na kana, yenye maua mekundu na majani mapana, hupandwa kwa vipande vya shina lake la ardhini, hasa pale nyuma ya jiko ambapo mama humwaga maji ya kuoshea vyombo.