Malengelenge Yasiyo ya Korosho

Sisi wa Masasi na Newala tunayajua malengelenge ya korosho. Ukibangua kwa mikono mitupu, mafuta ya ganda hukuunguza. Ukiacha kuyagusa, ngozi hupona.

Lakini yapo mengine. Mtu hakushika korosho wala moto. Mara nyingi huanza vidonda mdomoni visivyopona, hata ugali haumezeki. Halafu malengelenge laini hutokea mwilini, hupasuka upesi na kuacha nyama wazi. Huo ni pemfigasi, ugonjwa wa nadra. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuishambulia ngozi yenyewe. Basi hauambukizi, wala si kurogwa. Kaeni naye, kuleni naye.

Mpelekeni hospitali, Ndanda au iliyo karibu, msingoje. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe kwa darubini. Kwa wazee huenda ikawa pemfigoidi: malengelenge yake ni magumu na huwasha sana.

Dawa kubwa ni vidonge vya prednisoloni. Kabla dawa za namna hii hazijaanza kutumika, miaka ya 1950, wagonjwa wengi wa pemfigasi walikufa. Vidonge humezwa miezi mingi. Mgonjwa akipata nafuu asiviache ghafla, hata kama msimu wa korosho umefika. Anaweza kuzidiwa mpaka akafa. Mwenye kupunguza ni daktari.