Usikate Mkanda Kutafuta Mbio

Katika gereji zetu za Mombasa, tangu Mwembe Tayari hadi Changamwe, nimeyasikia mara nyingi maneno ya vijana wapendao mbio: kwamba gari lina nguvu zilizofichwa, ila zanyonywa na mikanda iliyo mbele ya injini. Ondoa mikanda, wasema, na gari litaruka kama mshale. Maneno haya si uongo mtupu, na hapo ndipo penye hatari. Uongo mtupu hukataliwa upesi. Ulio na chembe ya kweli huaminiwa.

Natuanze na hiyo kweli. Injini huzungusha krenkishafti, na mbele ya krenkishafti kuna puli. Puli hiyo, kwa mkanda mmoja au zaidi, huzungusha altaneta ya kuchaji betri, na katika magari mengi pampu ya maji, feni, pampu ya usukani na kompresa ya kipozahewa. Kila kimoja kina mlo wake. Hakuna kinachozunguka bure.

Mlo huo ni mkubwa kiasi gani? Kipimo cha nguvu za farasi twakipata kwa James Watt, Mskoti wa karne ya 18 aliyetaka wanunuzi wa injini zake za mvuke wajue mashine moja ingefanya kazi ya farasi wangapi. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Altaneta ikitoa ampea 60 kwa volti 14, hizo ni wati 840. Kwa kuwa yenyewe hupoteza sehemu kubwa kwa joto, injini itatoa kama wati 1,500, yaani farasi wawili. Na hapo ni wakati taa na vyombo vyote vimewashwa. Mchana, betri ikiwa imejaa, hula kidogo kuliko hapo.

Kompresa ni mlaji mkubwa zaidi, na gari la injini ndogo huhisi mara moja linapopanda mlima. Lakini katika magari mengi puli yake ina klachi ya sumaku: ukizima swichi, puli huzunguka tupu. Kwa nini basi ukate mkanda kwa kazi inayofanywa na kidole kimoja? Feni nayo, mzunguko wake ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitaji huongezeka mara nane. Ndiyo maana watengenezaji wengi walihamia feni za umeme, ambazo huwaka injini inapopata moto tu.

Wamarekani walilijua jambo hili kwa njia ya biashara. Hadi 1971 makampuni yao yalitangaza nguvu ya injini iliyopimwa peke yake, bila mizigo yake. Kuanzia magari ya 1972 yakatangaza nguvu ya injini ikiwa imevikwa kila kitu. Chevrolet Corvette ya injini ya kawaida ikashuka kutoka farasi 270 hadi 200. Hakuna aliyewaiba farasi 70. Hawakuwahi kufika barabarani. Tena si mikanda pekee iliyowala: eksosi na kisafisha hewa vilikuwa na fungu lao.

Ni kweli wako washindani wa mbio za robo maili wanaokimbia bila mkanda. Lakini robo maili ni mita 402. Mbio huisha kwa sekunde chache, kisha injini yazimwa ipoe. Sisi njia yetu ya Nairobi ni kilomita 480 hivi, na mwanzo wake tu ni mpando wa Mazeras, nyuma ya malori. Au fikiria msafara wa harusi ukienda mwendo wa kobe, honi juu, jua la utosi.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Joto la petroli hugawanyika karibu mafungu matatu. Thuluthi moja husukuma gari, ya pili hutoka na moshi, na ya tatu huchukuliwa na maji hadi kwenye rejeta. Pampu ya maji ikisimama, thuluthi hiyo haina pa kwenda. Silinda hedi hupinda, gasketi huungua, maji huingia katika oili ikawa kama chai ya maziwa. Umepata farasi wachache, umepoteza injini nzima.

Kubwa zaidi ni breki. Katika magari mengi ya dizeli ya Kijapani, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Aukataye mkanda huo amepunguza breki. Mguu utakanyaga, na gari halitasimama pale ulipozoea. Ikiwa ni gari la abiria, ndani mna akina mama, na watoto waendao chuoni. Roho zao ni amana mikononi mwa dereva, na amana huulizwa.

Hata wahandisi walioondoa mikanda hawakuitupa kazi yake. Toyota Prius iliyotoka 2009 haikuhitaji mkanda wa kuzungusha vyombo hivi, lakini pampu na kompresa zilibaki, zikapewa mota za umeme.

Kijana anayetaka gari lake liwe jepesi na asafishe kichujio cha hewa, abadilishe plagi zilizochakaa, ajaze magurudumu upepo wa kutosha, na atoe vyuma vikuukuu kwenye buti. Mkanda wenyewe aukague: ukiwa na nyufa aubadilishe, ukilia au ukilegea fundi aukaze kwa kipimo chake. Yote haya hayamnyimi breki wala maji.

Ama huyo asemaye kwamba pampu haina kazi, wazee wetu walikwisha kumjibu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.