Moyo Dhaifu Huuguzwa Nyumbani

Mgonjwa wa moyo akiruhusiwa kutoka hospitali, nyumba nzima hushusha pumzi. Miguu imenywea, usingizi umerudi, majirani wanapanda ngazi kuja kumwona. Sisi tunaouguza wagonjwa hawa twajua kwamba hapo ndipo kipindi kigumu kinapoanza. Katika wiki hizo za kwanza ndipo wengi hujaa maji tena, wakarudishwa wodini wakitweta, na baadhi yao hawatoki.

Utafiti uliofanywa kati ya 2007 na 2010 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu moyo umeshindwa kufanya kazi yake sawasawa. Kufikia siku ya 180, takriban 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Wastani wa umri wa wagonjwa wote ulikuwa miaka 52, na sababu iliyoongoza ya moyo wao kudhoofika ilikuwa presha. Ulaya, wengi wanaopatwa na ugonjwa huu wameshapita miaka 70. Kwetu unamkuta mtu bado ana watoto shuleni.

Moyo uliodhoofika haujasimama. Unasukuma damu, ila kwa nguvu pungufu. Figo zikipata damu kidogo, huanza kuzuia chumvi na maji kana kwamba mwili umekauka. Maji hayo hukusanyika vifundoni, tumboni, kisha kwenye mapafu. Si wazee pekee wanaopatwa: wako vijana ambao vali za moyo ziliharibiwa na homa iliyofuata maradhi ya koo ya utotoni, na wako wanawake ambao moyo hudhoofika mwishoni mwa mimba au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Mzazi akivimba miguu na kutweta ndani ya arubaini yake, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa zipo na zinafanya kazi. Tatizo ni kwamba daktari wa kliniki humwona mgonjwa kwa dakika chache, amevaa vizuri, amepumzika kwenye benchi. Hajui amepanda ngazi ngapi, amekula nini, wala maji ya kupikia yametoka wapi. Muuguzi anayeingia nyumbani huyaona yote kwa macho yake.

Chukua nyumba yoyote ya Kibokoni au Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ngazi ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima. Chumba cha mgonjwa kiko ghorofa ya pili kwa sababu ndiko upepo uliko. Ukishasalimu, swali la kwanza si la presha. “Babu, usiku walala na mito mingapi?” Akijibu, “Mitatu, na bado hushtuka nikakimbilia dirishani,” umeshajua kuwa mapafu yana maji hata kabla ya kumsikiliza kifua. Kisha unabonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba na kuhesabu pole pole. Ukiondoa kidole na shimo likabaki, yale maji yaliyotolewa wodini yamerudi.

Halafu unaomba mfuko wa dawa umwagwe kitandani. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote, maana majibu mengi yamo humo. Utakuta furosemidi (dawa ya kutoa maji) ya hospitali na furosemidi nyingine ya duka la dawa, pakiti za rangi tofauti, na mgonjwa anameza zote mbili akidhani ni dawa mbili. Utakuta enalaprili, dawa ya moyo, haijaguswa tangu wiki ya kwanza kwa sababu ilimletea kikohozi kikavu, naye aliona haya kumwambia daktari. Kikohozi hicho kinajulikana, na dawa mbadala kama losatani ipo. Chini kabisa ya mfuko utakuta diklofenaki au ibuprofeni ya magoti, ambayo hakuna aliyeitaja kliniki. Dawa hizo za maumivu huzifanya figo zishike chumvi na maji, na zinaweza zenyewe kumrudisha mtu wodini. Goti linalouma kwa ngazi lipewe parasetamoli kwanza, na mgonjwa asinunue kidonge chochote cha maumivu kabla ya kuuliza.

Wengi pia huacha dawa pindi miguu inaponywea, wakiamini wamepona. Lakini miguu imenywea kwa sababu ya dawa zenyewe.

Jikoni nako kuna kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, chakula chote kikihesabiwa. Sasa fikiria ng'onda na papa mkavu, achari ya embe, bhajia za jioni, muhogo wa kukaanga uliomwagiwa chumvi na pilipili, na viungo vya pakiti kwenye mchuzi. Tena Mombasa kisiwani maji ya mfereji hukatika mara kwa mara, na visima vingi vina maji ya chumvi. Mama akipikia maji hayo, chumvi imeshaingia sufuriani kabla hajaitia. Nimeona familia zikimnyima mgonjwa kila kitamu kwa kuogopa, naye akaacha kula kabisa. Hakuna haja. Samaki mbichi wa kupaka kwa nazi kiasi, ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na ukwaju vinatosha kutia ladha. Kwa anayetaka kufunga Ramadhani, mazungumzo yafanyike wiki kadhaa kabla, kwani saa za dawa hubadilika na kwa baadhi ya wagonjwa ni hatari kufunga. Dini imewapa wagonjwa ruhusa, na muuguzi anaweza kumsaidia mzee aipokee bila kujiona amepungukiwa.

Dawa ya kutoa maji imezwe asubuhi. Ikimezwa usiku, mtu atashuka ngazi gizani kutafuta choo, na ataanguka. Ikiwezekana kitanda kishushwe chini. Isipowezekana, iwekwe ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda.

Chombo muhimu kuliko vyote ni mizani ya kujipimia uzito. Mgonjwa ajipime kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, akiwa amevaa kikoi kile kile au kanga ile ile, kisha aandike kwenye daftari. Kilo moja inayoongezeka ghafla ni lita moja ya maji. Zikiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, apigiwe simu muuguzi au daktari siku hiyo, hata kama mgonjwa anasema yuko sawa. Mizani huona maji kabla ya kifua kubana. Uzito ukishuka sana kwa joto la kaskazi au kwa kuharisha, na mgonjwa anaona kizunguzungu, napo pia apige simu, kwa sababu huenda dawa ya maji imezidi.

Akizidiwa usiku, asilazwe chali. Gari la wagonjwa haliingii kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, kwa hiyo vijana wambebe ameketi kwenye kiti imara mpaka barabara pana. Kumlaza huyapandisha maji kifuani.

Kumfuata mgonjwa nyumbani si wazo jipya. Mwaka 1995 madaktari wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya mpango ulioongozwa na wauguzi kwa wagonjwa 282 wenye miaka 70 au zaidi: kurudi hospitali kwa sababu ya moyo kulipungua kwa asilimia 56 ndani ya siku 90. Mwaka 2001 Glasgow, Uskoti, nayo ilionyesha kuwa wagonjwa waliotembelewa na muuguzi mtaalamu walilazwa kwa nadra zaidi. Hapakuwa na mashine ya ajabu. Palikuwa na mafunzo, mizani, simu na ziara.

Mombasa inaweza. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, na Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wenye vipimo vya presha na sukari mikobani. Mhudumu huyo hapaswi kubadilisha dawa, lakini anaweza kusoma daftari la uzito na kumpigia muuguzi. Anachokosa ni muuguzi wa kumpigia. Naiomba kaunti iteue wauguzi wachache wa moyo katika Hospitali Kuu ya Pwani, wawe na nambari moja ya simu inayoandikwa kwenye karatasi ya kila anayeruhusiwa, na ziara ya kwanza ifanyike ndani ya siku 7. Mpaka hapo, wewe mwenye mgonjwa nyumbani nunua mizani wiki hii, na umwage mfuko wa dawa mbele ya muuguzi au mfamasia unayemwamini.