Mwenye Kutokwa na Mkojo Mfululizo: Sala na Tiba

Mama wa Bukoba au Muleba akikaa siku mbili katika uchungu wa uzazi, huweza kutoboka baina ya kibofu na uke, mkojo ukawa wamtoka bila kizuizi. Ugonjwa huu ni fistula. Asidhani kuwa sala imemwondokea. Kisheria ni mwenye udhuru, mfano wa mustahadha: Mtume (s.a.w.) alimwamuru Fatima bint Abi Hubaishi atawadhe kwa kila sala. Kwa Mashafi, wakati ukishaingia ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe, asali bila kuchelewa. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru.

Lakini udhuru si badala ya tiba. Fistula nyingi hupona kwa upasuaji, na hospitali ya Bugando, Mwanza, huufanya. Enyi maimamu, waambieni waume: mpelekeni, msimtaliki.