Kwa Nini Mama Kipepeo Anautaka Mdimu

Wajukuu zangu, mkitaka vipepeo waje uani kwenu, mjue kwanza mama kipepeo anahangaikia nini. Maua anayapenda, ndiyo, kwa sababu ndani yake mna maji matamu anayoyafyonza kwa mrija wake mrefu. Lakini tumboni ana mayai, na mayai hayatagwi popote tu.

Mtazameni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Kayapita maua yote, sasa anauzunguka mdimu. Anagusa jani, anaondoka. Anagusa jingine, anaondoka tena. Mnajua anafanya nini? Anaonja! Kipepeo huonja kwa miguu. Akitua kwenye jani la mwembe, miguu inamwambia kwamba watoto wake hapa watakufa njaa. Akitua kwenye jani la mdimu, mlimau au mchungwa, anakunja tumbo na kubandika yai moja, dogo mno, lenye upana wa kama milimita 1. Huyoo, kwenye jani jingine! Hapo anabandika lingine.

Siku chache zikipita, anatoka kiwavi. Na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Akiwa mdogo ana rangi nyeusi na mabaka meupe, ukimwona utaapa kwamba ndege kajisaidia juu ya jani. Ndege mwenye njaa akimwona, anapita zake. Nani ale kinyesi? Kiwavi anakula, ngozi inambana, anaivua. Anakula tena, anaivua tena, mpaka siku moja anakuwa wa kijani na kupotea kabisa katikati ya majani. Mguseni taratibu: nyuma ya kichwa itachomoza pembe laini ya rangi ya chungwa, iliyogawanyika ncha mbili, na harufu kali itawafikia puani. Msimkimbie. Haumi wala hawashi.

Basi hapa ndipo watu wengi wanapowafukuza vipepeo wao wenyewe. Wanaona majani yametafunwa, wanakimbilia dawa ya wadudu. Dawa ile inaua kiwavi wa leo, na kipepeo wa mwezi ujao amekwenda naye. Waombeni wazazi wasiinyunyize kwenye mdimu wenu. Mti mkubwa ukipoteza majani machache utachipua mengine.

Kiwavi akishashiba anajifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri na kugeuka pupa, wa kijani au wa kahawia kufuata rangi ya mahali alipo. Msimbandue. Ndani mwake mwili wa kiwavi unajengwa upya kuwa kipepeo. Akitoka, mabawa yake huwa mabichi yaliyokunjamana; yanahitaji muda wa kutanuka na kukauka kabla hajaruka. Mkimshika wakati huo, yataharibika.

Kila aina ya kipepeo ina majani yake. Wako wanaotaga kwenye mtopetope mwitu, na wako wanaotafuta magugu yenye utomvu mweupe. Viwavi wa magugu hayo huhifadhi sumu ya mmea mwilini, na ndege akiwala anatapika. (Utomvu huo msiutie machoni!)

Watu wa Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kule pwani ya Kenya, wanaijua sana habari hii ya majani. Tangu 1993 kuna mradi pale uitwao Kipepeo. Wanavijiji hulisha viwavi majani ya mimea yao, kisha pupa huuzwa na kusafirishwa kwenda nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya. Hivyo msitu uliosimama ukawa na faida nyumbani kwao.

Kwenu nyinyi, anzeni na mdimu mmoja. Karibu yake pandeni maua ya zinia, penye jua la asubuhi na pasipo na upepo mkali, kwa maana kipepeo mwenye baridi hawezi kuruka. Acheni pia kipande cha udongo chenye maji maji: vipepeo wengi, hasa madume, hutua hapo kunyonya chumvi. Ndizi iliyoiva kupita kiasi itawaleta wale wasiojali maua. Na kama mdimu wenu bado mchanga na viwavi wameuzidi, kateni jani lenye kiwavi mlipeleke kwenye mti mkubwa wa jirani. Msimng'oe kwa vidole, maana miguu yake hung'ang'ania sana.