Presha: kemikali zinazobana na kulegeza mishipa

Msomaji wa Kisaki, kama umeambiwa zahanati kwamba presha yako ni 150 kwa 95 nawe husikii maumivu yoyote, usidhani kipimo kimekosea. Rudi upimwe tena siku nyingine. Kati ya mwaka 1992 na 1995 mradi uliofuatilia vifo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini ulikuta kiharusi kikiua watu wa miaka 15 hadi 64 kwa kiwango kikubwa kuliko Uingereza. Kwa hiyo huu si ugonjwa wa matajiri wa mjini, kama wengi wanavyopenda kusema.

Mshipa wa damu si bomba la maji. Ndani una utando mwembamba unaotoa kemikali za kuuamuru ulegee au ukaze. Ya kulegeza ni nitriki oksaidi. Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake. Ya kubana ni endothelini, iliyotambuliwa Japani mwaka 1988. Ipo pia anjiotensini, inayoanzia kwenye figo: hubana mishipa na kuufanya mwili ushikilie chumvi. Sigara na kisukari huharibu utando huo, nitriki oksaidi hupungua, mishipa hubaki imebanwa na presha hupanda.

Captopril na enalapril huzuia anjiotensini isitengenezwe. Losartan huizuia isifanye kazi kwenye mshipa. Ukipata kikohozi kikavu kwa zile mbili za kwanza, mwambie mhudumu akubadilishie. Zote tatu zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo ukishika mimba wahi kliniki. Presha ikishuka, ni dawa inayoishusha. Ukiacha kumeza, anjiotensini inarudi kazini, na hapo ndipo wengi huangukia kiharusi.

Mchicha na mboga nyingine za majani zina naitreti ambayo mwili huigeuza nitriki oksaidi. Kutembea nako huuamsha utando uitoe. Punguza chumvi, na magadi pia (najua mlenda bila magadi una wateja wachache), maana yana sodiamu ileile.

Mzazi, mtoto akiamka uso umevimba na mkojo una rangi ya chai, mpeleke apimwe presha siku hiyohiyo. Kwa watoto wadogo chanzo mara nyingi ni figo. Mkanda wa kupimia uwe wa saizi ya mkono wake. Ule wa mtu mzima hutoa namba ya chini kuliko ukweli.