Tovuti imfuate mkulima, si mkulima aifuate tovuti

MFANYABIASHARA wa mchele wa Katoro, mkoani Geita, anamtumia mkulima fedha kwa simu bila wasiwasi. Lakini mpe huyo huyo tovuti ya bei za mazao: atazunguka kurasa mbili tatu, ataona bando linaisha, kisha atampigia mwenzake wa Mwanza kumuuliza bei ya gunia.

Wenye tovuti husema tatizo ni elimu ndogo ya wakulima. Sikubaliani nao. Anayeshindwa na tovuti ndiye huyo huyo anayemudu menyu ya fedha kila siku. Tofauti ipo katika namna vitu hivyo viwili vilivyotengenezwa.

Mmarekani Donald Norman, msomi wa saikolojia, aliandika mwaka 1988 kitabu kuhusu vitu vya kila siku, vikiwamo milango na swichi za taa. Hoja yake ni kwamba watu wakikosea mara kwa mara kutumia kitu, achunguzwe kwanza aliyekitengeneza. Hoja hiyo iliwafaa sana watengenezaji wa programu za kompyuta na tovuti, na baadhi ya kampuni huajiri wahitimu wa saikolojia kukaa pamoja na mafundi. Kazi yao ni kumtazama mtumiaji: anaanzia wapi kusoma, anasahau nini, anaogopa nini.

M-Pesa ni mfano wa karibu. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005 kwa wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu, lengo likiwa kurejesha mikopo kwa simu. Wateja wakafanya yao. Wapo waliotumiana fedha na ndugu, wapo waliolipana kibiashara, na wengine waliweka fedha kabla ya safari wakazitoa walikokwenda, ili wasibebe noti njiani. Anayetoka Katoro kwenda Kahama na fedha za mzigo hahitaji kuelezwa sababu. Wasimamizi wa mradi hawakuwalazimisha watu warudi kwenye mikopo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania.

Hofu nayo inahitaji kupangiwa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza ni mkubwa kuliko furaha ya kupata kiasi hicho hicho. Ndiyo maana jina la mpokeaji linapotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na ujumbe wa uthibitisho unapoingia mara moja, mtu hupumua. Tovuti inayopokea oda ya mbegu kisha ikakaa kimya haijamfikiria mteja wake.

Sasa, mwenye duka la pembejeo Katoro akitaka kutengenezewa tovuti, asianze na picha kubwa za kung’aa. Zinakula bando la mteja. Ukurasa wa kwanza uwe na bei, namba ya simu na mahali duka lilipo. Lugha iwe ya mteja. Mkulima anayehesabu kwa debe na gunia akiwekewa bei kwa tani atalazimika kupiga hesabu kichwani, na wengi wataishia hapo.

Kisha ifanyiwe majaribio. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Wachukue wateja watano, si ndugu wala vijana wa dukani. Kila mmoja atumie simu yake mwenyewe, umwombe atafute bei ya mfuko wa mbolea ya DAP. Simama pembeni, usimwelekeze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, maana mwenye duka hutamani kusema “bonyeza hapo”. Andika kila mahali kidole kiliposita.

Fundi apewe orodha hiyo kabla ya kulipwa fedha yake ya mwisho.